Makande na kiburu nyuma ya Soko la Mbuyuni, Moshi

Banda lenyewe halina kibao. Lina mabenchi manne, majiko matatu ya mkaa na sufuria mbili kubwa zinazoinjikwa alfajiri. Anayetaka makande yaliyopikwa ipasavyo mjini Moshi aanzie hapa. Sahani ya makande ni shilingi 2,000, kiburu (ndizi na maharage) 2,500, nusu parachichi 500. Chakula kinaiva saa tano na nusu asubuhi, na ikifika saa nane mchana sufuria ya makande inakwanguliwa.

Makande ndiyo yanayolibeba banda hili. Mahindi yamekobolewa, punje zimepasuka na kuvimba, ukizitafuna zinakataa kidogo kisha zinalainika. Maharage yamebaki mazima, ila ukiyabana kwa ulimi yanapondeka yote bila kuacha chembe ngumu katikati. Mchuzi ni mzito kwa wanga wa mahindi yenyewe. Hakuna unga uliokorogewa humo.

Kuyapata hayo yote ndani ya sufuria moja kuna kazi, kwa sababu mahindi na maharage hayaivi kwa muda mmoja. Mpishi anatumia mahindi bakuli mbili kwa maharage bakuli moja, vyote vikilowekwa usiku kucha, kila kimoja na chombo chake. Maji yaliyolowekea maharage yanamwagwa. Mahindi yanatangulia motoni kwa saa moja na nusu, ndipo maharage yanapofuata, na hapo moto unachochewa hadi sufuria itokote kwa nguvu dakika kumi na zaidi kabla ya mkaa kupunguzwa. Dakika hizo zisiibwe. Maharage mekundu mabichi yana sumu iitwayo lektini, na moto wa kufifia hauimalizi. Anayeyabandika juu ya mkaa uliofunikwa majivu tangu mwanzo anawapa walaji kutapika na kuharisha. Nyanya zinaingia mwishoni, maharage yakishalainika, maana uchachu wake hulifanya ganda libaki gumu hata ukipika mpaka jioni.

Maharage yanayotumika mara nyingi ni Lyamungu 90, yale makubwa mekundu yenye madoa, aina iliyopewa jina la kituo cha utafiti cha hapa hapa Kilimanjaro. Asili ya maharage makubwa ya namna hii ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Mahindi nayo yalitokana na nyasi pori ya Mexico, ambayo wakulima wa huko waliibadilisha kizazi kwa kizazi kuanzia miaka ipatayo 9,000 iliyopita. Columbus alivuka Atlantiki mwaka 1492. Mreno Vasco da Gama akatia nanga Malindi mwaka 1498. Na katika miaka 200 iliyofuata, hadi Wareno walipong'olewa Fort Jesus, ngome yao ya Mombasa, mwaka 1698, mazao ya Amerika yalishuka mwambao wetu na kupanda bara. Watu wa pwani wakaiita nafaka hiyo mahindi, kana kwamba imetoka Uhindi.

Mbegu ilivuka bahari, ila upishi wake ulibaki kwao. Wapishi wa Mexico huchemsha mahindi kwa maji ya chokaa au majivu kabla ya kuyasaga, na hapo niasini (vitamini B3) iliyofungwa ndani ya punje hufunguka mwili ukaweza kuitumia. Walioyapokea Ulaya hawakujua siri hiyo. Waliofanya mahindi matupu kuwa chakula cha kila siku wakapata pelagra: ngozi inababuka, tumbo linaharisha, akili inachanganyikiwa. Daktari Gaspar Casal aliueleza ugonjwa huo huko Asturias, Hispania, mwaka 1735, na mwanzoni mwa karne ya 20 uliua maelfu kusini mwa Marekani. Dawa imo katika sahani hii. Protini ya mahindi ina upungufu wa laisini na triptofani, vijenzi viwili vya protini, maharage yanavyo. Na triptofani ndiyo mwili unayoitumia kujitengenezea niasini. Kwa hiyo bakuli ile ya maharage isipunguzwe kwa kubana matumizi. Banda likianza kupika mahindi bakuli tano kwa maharage bakuli moja, bei hata ikishuka, mlaji amepunjwa.

Kiburu ni kizuri pia, ingawa hakitabiriki. Ni ndizi mshare na maharage katika chungu kimoja, na ndizi ni mgeni mkongwe zaidi: ilitoka Asia ya Kusini-Mashariki na New Guinea, ikavuka Bahari ya Hindi karne nyingi kabla ya Mreno yeyote. Tatizo ni magadi. Yanatoka Ziwa Natron, yanalainisha ganda la maharage na kupunguza muda wa mkaa, ila kijiko cha chai kisichojaa kinatosha kwa kilo mbili za maharage. Hapa yanakadiriwa kwa vidole. Siku ambayo mkono umekuwa mzito, kiburu kinakuwa cheusi, kina utelezi na kinanuka sabuni, na vitamini B1 imeharibiwa. Tazama rangi kabla ya kuagiza. Kikiwa cha kahawia iliyofifia, agiza. Kikiwa kimeiva weusi, rudi kwenye makande.

Mboga ya pembeni ni mnafu, mchungu kidogo kama unavyotakiwa kuwa, nao ni wa Afrika tangu asili. Unaungwa kwa karanga, na karanga ni za Amerika ya Kusini. Zinazotumika hapa zinachambuliwa juu ya ungo mbele ya wateja, zilizosinyaa na zenye ukungu zinatupwa. Hilo nalisifu kwa moyo wote. Sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, haiondoki kwa kukaanga wala kuchemsha, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara kupitia mahindi. Magunia ya mahindi nayo yamewekwa juu ya chaga, hayagusi sakafu wala ukuta.

Pilipili kichaa iko mezani, kali na mbichi. Kwa Kiswahili inachangia jina na pilipili manga, ingawa mimea hiyo haina undugu: manga ni ya pwani ya Malabar, Uhindi, na ndiyo iliyowatia mabaharia wa Ulaya baharini, kichaa ni ya Amerika, ndiyo waliyoikuta badala yake.

Parachichi linahitaji uangalizi. Matunda ni mazuri, ila yanakatwa saa nne asubuhi, na hadi saa saba hewa imeshayafanya meusi. Omba ukatiwe mbele yako. La aina ya Hass huwa jeusi likiiva, ila haya ya kienyeji mengi hubaki kijani, hivyo rangi haikuambii kitu: bonyeza taratibu karibu na kikonyo, likibonyea kidogo ni la leo. Tone la limau linachelewesha weusi.

Anayetaka kupika makande nyumbani akumbuke kimo cha mahali alipo. Moshi mjini maji huchemka kwenye nyuzi 97 hivi, Marangu karibu 95, kwa hiyo ukiwa mlimani ongeza nusu saa au zaidi. Maharage yaliyokaa ghalani msimu mzima kwenye joto na unyevu yanaweza kukataa kuiva kabisa. Kabla ya kununua debe, chemsha kikombe kimoja.

Anayebeba kwenye hotipoti achukue na mchuzi wa ziada, kwa kuwa makande yanaendelea kunywa maji hata yakishaipuliwa. Wakati wa kuyapasha ongeza maji ya moto, koroga kwa mwiko kutoka chini, na usiweke nyanya mpya.