Vyeti vya Kongo kwenda Kiingereza, Mtaa wa Jamhuri, Dar: nampa nyota nne

Kwa Wakongomani wenzangu mlioko Dar mnaoulizana wapi mtu apeleke vyeti vya chuo vitafsiriwe bila kuharibiwa: mimi nimepeleka vyangu, nimelipa, na TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, wamevipokea. Ofisi iko Mtaa wa Jamhuri, ghorofa ya pili, juu ya duka la vifaa vya umeme. Haina bango. Ukifika chini uliza kwa Mama Mfaransa, ingawa mwenyewe ni Muha wa Kigoma aliyefundisha Kifaransa sekondari mpaka akastaafu. Nyota nne. Ile ya tano nitasema ilipopotelea.

Nilisoma uchumi Lubumbashi, mfumo wa zamani: graduat miaka mitatu, halafu licence miaka miwili juu yake. Sasa niko kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, upande wa malori yanayopita Tunduma kwenda Kasumbalesa. Mwajiri alisema hanipandishi cheo mpaka Tume ya Vyuo Vikuu ivitambue vyeti vyangu, na vyeti vyote ni Kifaransa kitupu.

Nilianzia steshenari moja Kariakoo, kwa sababu ya bei. Kijana alipiga picha kwa simu, akaitupia kwenye programu ya kutafsiri, akachapa, akagonga muhuri. Graduat ikatoka "Graduate Degree". Licence ikatoka "License", kama karatasi ya kuuzia bia. Aliyesaini ni professeur ordinaire, naye akawa "Ordinary Professor", profesa wa hivihivi tu, wakati kwetu ordinaire ndiyo ngazi ya juu kabisa na watu wanapata mvi wakiisubiri. Chef de travaux, mwalimu wa chuo aliye chini ya profesa, akageuzwa msimamizi wa mafundi ujenzi. Chini, penye daraja la satisfaction, paliandikwa "Satisfied", yaani mimi ndiye niliyeridhika.

Mengine ni ya kuchekesha. Hilo la graduat linaweza kukufunga mlango. Hapa Dar ukisema fulani ni graduate, watu wanaelewa amevaa joho siku ya mahafali, ana digrii yake ya kwanza. Mmarekani akisema graduate school anazungumzia masomo ya juu ya hapo, uzamili na uzamivu. Kongo gradué ni mtu aliyemaliza mzunguko wa kwanza tu, ameandika TFC yake, ile kazi ya kumalizia mzunguko, na shangazi zake bado wanamuuliza chuo anamaliza lini. Sasa mpe mkaguzi karatasi inayosema huyu kijana alianza na "Graduate Degree", na miaka miwili baadaye akapata "License". Hata mimi ningemshuku kwamba ameghushi.

Mama Mfaransa hapokei picha ya WhatsApp. Anataka cheti chenyewe, anakiweka mezani, anakisoma mstari kwa mstari na rula mkononi. Swali lake la kwanza kwangu halikuwa jina wala bei.

"Hii ni kabla ya LMD au baada?"

Hapo nilijua nimefika. Msiofuatilia mambo ya nyumbani: kuanzia mwaka wa masomo wa 2021-2022 vyuo vyetu vimehamishiwa kwenye mfumo wa licence, master, doctorat. Licence mpya ni miaka mitatu. Kwa hiyo neno lilelile, kwenye cheti changu lina miaka mitano ya chuo nyuma yake, na kwenye cha mdogo wangu litakuwa na mitatu. Wabelgiji ndio waliotuachia licence ya namna ile. Wao wenyewe walikuwa na candidature, mzunguko wao wa kwanza, chini yake, sisi tukaweka graduat kwenye mageuzi ya 1971, na mtu anayeijua licence ya Ufaransa tu hawezi kukisia hesabu hiyo.

Dawa yake ni kwamba majina ya vyeti hayatafsiri kabisa. Kwenye ukurasa wa Kiingereza Graduat inabaki Graduat, Licence inabaki Licence, na chini anaweka maelezo ya mtafsiri: miaka mingapi, baada ya nini, kwa mfumo upi. Anasaini maelezo hayo kama anavyosaini tafsiri. Madaraja vilevile. Distinction imebaki hivyo, na pembeni ameandika kwamba ni asilimia 70 hadi chini ya 80, na satisfaction ni 50 hadi chini ya 70. Alama zangu kwa 20 hakuzigusa. Nilimuuliza kwa nini asizigeuze ziwe GPA ya 5 kama ya hapa, akanitazama kama mwanafunzi aliyekuja darasani bila daftari.

"Kupima ni kazi ya TCU, baba. Mimi natafsiri."

Nilibishana naye, nisiseme uongo. Licence yetu ya zamani ni miaka mitano ya chuo, na mwishoni kuna mémoire, tasnifu unayoitetea mbele ya jopo. Hapa Tanzania mtu wa biashara anasoma mitatu ya shahada ya kwanza, akiongeza miwili anaitwa mwenye uzamili. Nilitaka aniandikie Master. Akavua miwani. "Nikikuandikia Master leo, kesho wakikuambia leta cheti cha Master, utatoa kipi?" Sikuwa nacho cha kutoa. Lakini naona kwenye mémoire alibana mno. Aliipa mstari mmoja wakati ilistahili ielezwe kurasa zake, msimamizi wake na utetezi wake, kwa sababu mkaguzi anayepima licence ya zamani hicho ndicho kitu cha kushika. Nilimwomba aongeze, akaongeza nusu mstari.

Kwenye vyeo ameniridhisha zaidi. Recteur amemwacha Rector, na maelezo yanasema kwamba hapa kazi hiyo inafanywa na Makamu Mkuu wa Chuo. Wageni wengi hawajui kwamba Mkuu wa Chuo Tanzania ni kiti cha heshima. Pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alipewa Rais mstaafu Kikwete mwaka 2016, na si yeye anayeshinda ofisini na mafaili. Ukimtafsiri Recteur kuwa Chancellor, saini ya mtendaji wako inakuwa ya mtu wa sherehe.

Nikiwa kwenye benchi kulikuwa na mzee mwenye cheti cha Université Nationale du Zaïre, kampasi ya Lubumbashi. Nchi hiyo haipo kwa jina hilo, na chuo hicho hakipo kabisa. Barua pepe ya kuthibitisha uiandikie wapi? Mama akamwandikia maelezo kwamba UNAZA iliunganisha vyuo vyote mwaka 1971, ikavunjwa 1981, na kampasi zake zikawa vyuo vikuu vya Kinshasa, Lubumbashi na Kisangani. Mzee akasoma, akaomba nakala ya ziada akawaonyeshe wajukuu. Hiyo hakutozwa.

Mimi nilichukua pia nakala ya Kiswahili, si kwa TCU bali kwa baba mkwe wangu wa Tanga, aliyetaka kusoma kwa macho yake huyu mkwe amesomea nini. Hapo kazi ilikuwa nzito kuliko Kiingereza. Diplôme kwa Kifaransa ni cheti chochote, hata cha sekondari. Diplôme d'État yetu ni ya kumaliza miaka sita ya sekondari. Ukiiita stashahada, mzee wa Tanga ataelewa kwamba ulipita chuo cha kati baada ya sekondari, na hujapita. Mama aliandika cheti cha taifa cha kumaliza sekondari, basi. Licence akaiacha ilivyo hata humo, na baba mkwe akanipigia simu kuuliza kama ndiyo leseni ya udereva, kwa hiyo usidhani maelezo ya chini yanasomwa na kila mtu.

Sasa nyota iliyopotea. Printa yake ni ya zamani, na jedwali la alama lilitoka limepinda: safu ya G2, mwaka wa pili wa graduat, iliingia kwenye ya G3, na jina la somo la ekonometria likakosewa herufi. Alirekebisha bure, lakini ilinibidi nirudi mjini na foleni ile ya Morogoro Road mnaijua. Umeme ukikatika kazi inasimama, jenereta ya jengo haifiki kwake. Na bei si ya kila mtu: shilingi 40,000 kwa ukurasa, na relevé, yaani karatasi ya alama, ya kila mwaka ni ukurasa wake. Mtu wa licence ya zamani ana relevé tano na diploma mbili, pigeni hesabu. Anapokea M-Pesa, kadi hapana. Hapunguzi bei, ila ukiwa mwanafunzi anakubali ulipe nusu, umalize ukichukua kazi.

Mkienda, bebeni relevé za miaka yote, si diploma peke yake, kwa sababu bila hizo hawezi kuandika chochote kuhusu miaka. Wale wa LMD nendeni na karatasi yoyote ya chuo inayoonyesha jumla ya krediti. Wale ambao jina kwenye diploma halifanani na la pasipoti, mwambieni mapema. Hasahihishi jina ili lifanane, anaandika lilivyo na kuweka maelezo, na kiapo cha majina mtakitafuta kwa wakili. Jumatatu amejaa, Ijumaa anafunga mchana.