Kiboksi cha TV kilichomnyima mama sauti ya baba

Anayetaka kujua kiboksi hiki kina RAM ngapi akasome kwenye kasha lake. Mimi naandika habari ya sauti, na ya kijana aliyeniuzia.

Mama yetu alikuja kwangu Dar kutoka Muheza kutibiwa goti, mvua zikiwa ndiyo zimeanza. Kushinda ndani kukamchosha, akaomba kitu kimoja tu: aione sendofu ya dada yangu. Ni ya mwaka 2009, na marehemu baba alisimama pale akatoa nasaha ambazo ndugu wanazikumbuka mpaka leo. DVD tuliyopewa na mpiga video ilishakwaruzika zamani. Bahati nzuri dada alikuwa amehifadhi kwenye eksteno, ile diski ya pembeni ya kuhifadhia, faili zenyewe zilivyotoka kwenye kamera, zile zinazoishia na MTS.

Kwenye laptopu zinacheza bila shida, ila kwa kioo kile kidogo mama anaishia kukunja uso. Nikachomeka eksteno nyuma ya TV. Picha ikaja, safi kabisa. Sauti hakuna. Baba kasimama, kashika maiki, midomo inacheza, ukumbi wote umetulia unamsikiliza. Mama akanigeukia: "Mbona baba yenu hasemi?"

Swali hilo ndilo lililonipeleka Kariakoo kutafuta kiboksi, kile kifaa kidogo cha kuunganisha na TV ili kichezeshe video.

Nilikwenda nimejiandaa. Nilibeba laptopu na flashi yenye kipande cha ile video, nikamwambia kijana wa dukani kwamba shida yangu ni faili hili, kama linatoa sauti nalipa sasa hivi. Akasema, "Dada, hiki kinacheza kila kitu." Nikaomba tujaribu, TV si ile ukutani inawaka? Akagoma. Eti wakianza kumfungulia kila mtu kasha watauza saa ngapi. Nami, kwa haraka ya kumwahi mama na chakula cha mchana, nikatoa shilingi 95,000 nikaondoka. Hapo nilikosea, nakubali. Asiyekuruhusu kujaribu na video yako mwenyewe usimpe hela, hata akikuapia.

Nyumbani hadithi ikawa ileile. Picha nzuri kuliko hata ya mwanzo, baba yuko kimya.

Siku iliyofuata nikarudi. Nikafungua laptopu juu ya meza yake, baba akasikika mpaka wateja wengine wakageuka. Yule kijana hakuangalia. Alikuwa na simu yake mkononi, akasema, "Video yako ndiyo mbovu." Nikamuuliza, mbona hapa inaongea? Akajibu, "Basi itazame hapohapo." Wenzake wawili wakacheka. Nikatoa risiti, akaigonga kwa kidole pale chini palipoandikwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Wanacheka, na anayeongea kwenye ile laptopu ni baba yangu aliyekufa.

Video haikuwa mbovu. Kamera nyingi za miaka ile zilirekodi kwa mfumo wa AVCHD, ulioletwa na Sony na Panasonic mwaka 2006, na sauti yake mara nyingi ni ya mfumo wa kampuni ya Dolby, ule unaoitwa AC-3. Watengenezaji wa vifaa wamekuwa wakiilipia leseni ili vifaa vyao viisome. Vya bei ya chini mara nyingi huiruka hiyo leseni, ndiyo maana picha inafunguka na sauti inabaki imefungwa. Maelezo haya ni ya dakika moja. Muuza vifaa anayekaa navyo kutwa angeweza kunipa bila kuinuka kwenye kiti.

Aliyenipa ni mtoto wa dada, yuko kidato cha nne, alikuja Jumapili kumwona bibi yake. "Mamdogo, hebu niachie rimoti." Akaingia sehemu ya programu, akapakua VLC, programu ya kuchezesha video, kwa bando langu, akachomeka eksteno, akafungua faili kwa kutumia hiyo badala ya kichezeshi kilichokuja na kiboksi. VLC ilianzishwa na wanafunzi wa chuo kimoja Ufaransa mwaka 1996, haina malipo hata senti, na inajifungulia sauti yenyewe bila kutegemea kifaa.

Baba akaanza kuongea. Mtoto alikuwa bado ameshika rimoti, amesimama katikati ya sebule. Babu yake alifariki kabla yeye hajazaliwa, hakuwahi kumsikia. Mama hakulia kama nilivyoogopa. Alisema tu, "Rudisha mwanzo," na tukarudisha mara nne.

Kwa hiyo kiboksi nimekisamehe. Kinawaka haraka, eksteno kinaisoma bila kuhitaji umeme wa pembeni, na mama sasa anajua mwenyewe kubonyeza kitufe cha katikati. Mwenye video za zamani za familia, kwa bei ile, akichukue aweke VLC. Hilo nilitaka liwe neno langu la mwisho.

Lakini kila nikiandika naiona ile simu mkononi mwake. Nimelipa 95,000, na kilichonisaidia ni programu ya bure na mtoto wa shule! Kama kichezeshi walichokiweka hakiwezi kusoma video ya sendofu, wanatuuzia sisi tunaozitazama nini? Kinunue, ila si kwenye duka lile. Na ukinunua kwingine, nenda na faili lako kwenye flashi. Lisizidi GB 4 maana flashi zilizofomatiwa kwa FAT32, mfumo mmojawapo wa kupanga faili, hazipokei kubwa zaidi. Sauti isipotoka mbele ya macho yako, ondoka.

Risiti bado ninayo. Jumamosi mama akishamaliza kliniki napitia pale Kariakoo na kiboksi changu, nakichomeka kwenye TV yao ile ya ukutani, na atamsikiliza baba yangu mpaka mwisho.