Vibanda vya vitabu vya mitumba Kisumu: uza, usibadilishane

Kwa vitabu vya shule, vibanda vya mitumba vya katikati ya mji wa Kisumu havina mpinzani. Lakini vinatoa huduma mbili, na moja haimfai mtu anayetaka kupunguza vitabu nyumbani.

Hiyo ni kubadilishana. Unaleta vitabu vitatu, unaongeza pesa juu, unaondoka na kimoja au viwili. Mzazi anayetafuta vitabu vya gredi inayofuata hupata nafuu kubwa hapo. Aliyekuja kutua mzigo hurudi na mzigo mwingine, na mfuko umetoboka. Kwa hiyo sema mapema, kabla ya kufungua katoni, kwamba unauza tu. Pesa taslimu utakayopewa itakuwa chini ya thamani ya kubadilishana. Ikubali, kwa sababu rafu itabaki wazi.

Muuzaji mzoefu hukagua kitabu haraka. Hukishika mgongo na kukitikisa kusikia kama kurasa zimelegea, hufungua ukurasa wa hakimiliki kuangalia toleo, kisha hupekua mazoezi. Majibu yaliyojazwa kwa biro hukiua kitabu. Ya penseli yafute nyumbani. Mgongo uliolegea usiuzibe kwa seloteipu: gundi yake huacha doa la kahawia, na muuzaji hushuku palepale kwamba kuna kurasa zilizonyofoka. Jalada la nailoni nalo livue. Kwa unyevu huu wa ziwa, ukungu hujificha chini yake. Kitabu chenye harufu ya ukungu kisimamishe kivulini, kurasa zikiwa zimeachana, siku mbili au tatu. Juani jalada hujikunja.

Kinachoamua bei kuliko yote ni mtaala. KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ya mwisho ilifanywa 2023, hivyo vitabu vya msingi vya 8-4-4, mfumo wa zamani, havina tena mwanafunzi. Vya sekondari bado vina uhai, ila ni mfupi. Walioingia kidato cha kwanza 2024 ndio wa mwisho, nao watafanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, 2027. Kwa kuwa mtihani huo hugusa kazi ya miaka yote minne, hata kitabu cha kidato cha kwanza kinaweza kupata mtu wa kukirudia. Wakimaliza hao, kitabu hicho ni karatasi tu. Kukihifadhi "huenda kikahitajika" ni kukipunguzia bei kila muhula. Vya mtaala mpya vipeleke kabla ya shule kufunguliwa Januari, wazazi wakiwa bado wanatafuta. Muhula ukishakolea, muuzaji hana haraka na wewe.

Kuna vitabu visivyopaswa kufika kibandani kabisa: vile ambavyo serikali hugawia shule za umma, vilivyochapwa kwamba si vya kuuzwa. Virudishe shuleni, hata kama mtoto amehama.

Kwa riwaya, vitabu vya dini na ensaiklopidia, huduma ya vibanda hivi ni dhaifu, na bei yake haifai nauli. Afadhali maktaba ya umma, lakini uliza kwanza wanachopokea. Kuwatupia wakutubi vitabu vya kiada vilivyopitwa ni kuwahamishia takataka yako.

Kuhusu kubeba, tumia katoni za karatasi za A4. Katoni hiyo hutengenezwa kwa rimu tano za kilo mbili na nusu, yaani kilo kumi na mbili na nusu, na ikijaa vitabu uzito hukaribia huo. Mtu mmoja huinua, na bodaboda hubeba mbili zikifungwa vizuri. Katoni kubwa ya televisheni itapasuka chini kabla hujafika barabarani.

Vilivyokataliwa visirudi rafuni. Ng'oa majalada magumu na ya plastiki, funga kurasa kwa kamba, umpe anayenunua karatasi kwa kilo.