Flipa za "raba tupu" zilizoelea, wueh!

Bado niko na hasira kwa hivyo mnivumilie. Hizi flipa, yale mapezi ya kuvaa miguuni ya kupigia mbizi, nilinunulia hapa Kisumu, duka sitaji, na jamaa aliyeniuzia akaapa kabisa ni raba tupu, ati hata nikizianika juani mwaka mzima hazifanyi kitu. Hapo tu ningeshtuka, juu raba halisi ndiyo inachukia jua na petroli ya boti: jua linaikausha inapasuka, petroli inaivimbisha inalegea. Nikamwambia mimi si mtalii, kazi yangu ni kushona neti za vizimba vya samaki upande wa Usenge, maji yenyewe giza huoni hata mkono wako, nataka kitu ya kuaminika. "Boss chukua, utanishukuru."

Haikupita muda. Niko chini ya kizimba, mkono mmoja umeshika neti, napiga teke la kawaida tu, nasikia mguu wa kulia umekuwa mwepesi ghafla. Bapa, ile sehemu pana ya mbele inayosukuma maji, limechomoka lote! Nimebaki na kile kiatu cha raba peke yake, gundi ya njano inaning'inia kama kamasi. Na bapa lenyewe? Limepanda juu, vijana wa boti ndio walilidaka likielea, wakacheka mpaka basi.

Sasa wewe fikiria, flipa nyingi za raba za kupigia mbizi huzama. Ndio maana wapiga mbizi wa kazi wengi bado wanapenda zile nzito za kizamani, hazikuinui miguu. Hii inayoelea ni polipropilini, plastiki ile ile ya viti vya matanga, nyepesi kuliko maji. Sisemi plastiki ni mbaya, kila kitu na kazi yake, hata zile za kaboni faiba ni tamu lakini gonga nayo jiwe uone. Shida ni kuniuzia plastiki kwa bei ya raba, halafu kiatu kimebandikwa na gundi badala ya raba kumwagwa ikiwa moto juu ya bapa ndani ya kalibu, ile fomu ya kutoa umbo, vishikane.

Nikarudi nazo kwa gunia. Salamu hakuna. Akaangalia mguu wangu, si flipa, MGUU, akasema "wewe uko na mguu wa jembe, hizi ni vitu za watu wa Mombasa." Mbele ya wateja! Kuna mzee alikuwa ananunua kamba akamwambia "kijana, ongea na mwenzako vizuri," wapi, akarudi kwa simu yake.

Nyota moja. Ila tuseme ukweli, nilitoboa nikafunga na bolti na sasa bapa linasukuma maji vizuri kuliko zangu za zamani, mguu hauchoki. Basi mbili. Sawa, bapa tatu, gundi sufuri, na yule jamaa hata sufuri ni nyingi. Kama lazima uende kwake, beba ndoo ya maji, zitumbukize hapo hapo mbele yake kabla hujatoa pesa.