Jiko la gesi kwa nyumba za Mwanza: lipi ununue, na litakaa wapi

Kabla hujashuka Makoroboi kuulizia bei, simama jikoni kwako saa tisa alasiri ukiwa na kiberiti. Washa njiti moja, ishike pale unapotaka jiko likae. Kwenye nyumba nyingi za Capri Point na Isamilo zinazotazama ziwa, njiti itazimika haijafika hata katikati. Upepo wa mchana hapa kwetu unatoka ziwani, unapanda mlima, na ukikuta dirisha wazi unaingia bila hodi. Kwa wale wa Mabatini na Igogo ambao ukuta wa nyuma wa jikoni ni jiwe lenyewe, njiti itawaka imetulia, mwali hautikisiki. Usifurahi. Hewa ya humo haitembei.

Nyumba hizo mbili hazina hatari ya aina moja, na dukani hakuna atakayekuuliza unakaa wapi. Utaulizwa "pleti ngapi, dada?", kisha utaoneshwa rangi uchague. Kwa hiyo hapa napanga majiko kwa kuangalia hewa ya nyumba kwanza, bei baadaye.

Nafasi ya kwanza naipa jiko la mezani la pleti mbili lenye kinga ya moto kuzimika, likiwa na mtungi wa kilo 15 uliokaa nje ya nyumba. Hiyo kinga ndiyo ya kulipia. Inama utazame kando ya pleti. Ukiona kijiti kimoja cheupe cha kauri, hicho ni cha kutoa cheche tu. Unachotafuta ni kijiti cha pili, chembamba, cha chuma, ambacho ncha yake inaguswa na moto. Joto linazalisha umeme kidogo sana kwenye kijiti hicho, na umeme huo ndio unaoshikilia valvu iwe wazi. Upepo wa ziwa ukiuzima moto wakati uko uani unaanika nguo, kijiti kinapoa na valvu inajifunga. Bila kijiti hicho, gesi inaendelea kutoka mpaka urudi.

Mwombe muuzaji aunganishe mtungi na awashe. Jiko lenye kinga hukulazimu ushikilie kitufe sekunde kadhaa baada ya moto kuwaka, ndipo ukiachia uendelee. Wengi hudhani hilo ni bovu na kuchukua lingine. Sasa puliza moto uzime, kaa kimya, sikiliza. Ndani ya dakika moja hivi utasikia "tak" ndogo chini ya jiko. Usipoisikia, liache dukani.

Mtungi unakaa nje kwa sababu ya uzito wa gesi yenyewe. Gesi ya mitungi ni propani na butani. Propani ni nzito kuliko hewa kama mara moja na nusu, butani karibu mara mbili. Ikivuja haipandi kwenda darini, inashuka na kutambaa sakafuni kama maji yaliyomwagika, na ikifika kama asilimia 2 tu ya hewa ya mahali, cheche inatosha. Kwetu milimani hili lina uzito wake: gesi iliyovuja kwako inateremka ngazi za mawe mpaka kwa jirani wa chini, ambaye huenda ana jiko la mkaa linawaka. Kwa hiyo kizimba cha mtungi kisikae juu ya ngazi zinazoshukia mlango wa mtu, wala karibu na mtaro. Mtungi usimame wima, kivulini, ufungwe mnyororo. Ukilazwa, gesi iliyo katika hali ya kimiminika inaweza kuingia kwenye regulata, kile kifaa cha kupunguza presha kinachofungwa mdomoni mwa mtungi. Kutoka nje hadi ndani weka bomba la shaba, mpira ubaki kipande kifupi tu cha mwisho cha kuunganisha jiko.

Nafasi ya pili ni jiko hilohilo la pleti mbili, ila mtungi uko ndani. Wapangaji wengi hatuna uwezo wa kutoboa ukuta wa mwenye nyumba, nami nimeishi hivyo miaka. Linafaa, kwa sharti la matundu mawili yanayotokea nje. Moja liwe chini kabisa, usawa wa sakafu, ili gesi ikivuja ipate pa kutokea. La pili liwe juu karibu na dari, maana moshi wa kupikia na hewa iliyokwisha kuungua ni vya moto, hivyo vinapanda. Tofali za matundu zinatosha, na wakati wa mvua za masika usizizibe na matambara. Dirisha peke yake halitoshi, kwa sababu kizingiti chake kiko juu ya kiuno na gesi iko miguuni.

Hilo sikulisoma mahali. Mpira wangu wa kwanza niliununua wa kukatiwa kwa mita, mwembamba, wa aina ile ya maji. Usiku mmoja mwanangu aliyekuwa amelala kwenye godoro chini akaniambia kuna harufu ya mayai viza. Mimi niliyekuwa nimesimama sikusikia kitu. Nikapiga magoti, nikainusa: ile dawa yenye harufu wanayotia kwenye gesi ili mtu ashtuke. Sikugusa swichi ya taa, si kuwasha wala kuzima. Nilifunga regulata kwa kupapasa, nikafungua mlango, tukatoka na shuka zetu. Asubuhi nikapaka povu la sabuni pale mpira unapoingia kwenye regulata. Povu likavimba tone dogo kama jicho la dagaa, likapasuka, likavimba tena palepale. Ufa ulikuwa mwembamba kiasi kwamba bila sabuni nisingeuona. Tangu hapo nanunua mpira ulioandikwa ubavuni kuwa ni wa gesi, wenye tarehe ya kutengenezwa, na kila ncha naifunga kibano cha chuma cha kukaza kwa bisibisi.

Regulata nayo ina yake. Ya kampuni moja si lazima ikae kwenye mtungi wa kampuni nyingine, na fundi atakayekuambia "tutailazimisha tu, itashika" mwambie asante, uende zako. Usikubali pia regulata ya presha kubwa ya mahotelini eti moto uwe mkali. Moto mzuri ni wa bluu uliotulia. Ukiwa wa njano na sufuria inatoka masizi, gesi haiungui vizuri. Safisha matundu ya pleti au ita fundi.

Ya tatu ni mtungi wa kilo 6 wenye jiko lake juu. Najua ndiyo iliyo kwenye nyumba nyingi, na mingi imeingia kwa bei ya ruzuku wakati huu ambapo Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wa 2024 hadi 2034, unalenga kufikisha nishati hiyo kwa asilimia 80 ya Watanzania. Ni hatua kubwa kwa aliyekuwa anapuliza kuni. Ila jaribu kusonga ugali wa watu wanane juu yake. Unaegemea mwiko, sufuria inasukumwa, na mtungi wote unayumba na moto ukiwa juu ya valvu. Tumia kwa chai, mboga, sato wa kuchemsha. Ugali teremsha sufuria usongee chini, au weka akiba ya jiko la pleti mbili. Na ukinunua gesi ya mtungi huu mdogo, gawanya bei kwa kilo kisha linganisha na wa kilo 15, utajua unalipia nini.

Jiko la kusimama lenye oveni liko nafasi ya nne, ni la anayeoka keki za biashara na mwenye jiko pana. Lenye kabati la kuficha mtungi ndani, karibu na joto la oveni, likatae.

Ya mwisho, na sitaki uinunue kwa kuiweka bafuni, ni hita ya maji ya gesi. Ninaona zikining'inizwa kwenye bafu lisilo na dirisha, bila bomba la kutolea moshi. Gesi ikiungua pasipo hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, ambayo haina harufu wala rangi. Ile dawa ya harufu imeungua pamoja na gesi. Kaboni monoksidi inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, na kwetu Kanda ya Ziwa mtu akisikia hivyo anasema malaria. Tofauti yake: homa hakuna, wanaumwa wawili watatu kwa pamoja, na wakitoka nje wanapata nafuu. Ikiwa hivyo, wote nje, kisha hospitali, na mwambie daktari kuna moto wa gesi au mkaa ndani. Ukiitaka hita kweli, ifunge ukuta wa nje, au iwe na bomba lake linalotoka hadi juu ya paa, lisiloishia darini.

Siku ya kuletewa mtungi, wapime kwenye mizani mbele yako, utoe uzito wa mtungi mtupu ulioandikwa shingoni, na usome tarehe ya ukaguzi hapohapo. Andika 114, namba ya Zimamoto, kwenye mlango wa jikoni kwa herufi ambazo mtoto anaweza kuzisoma. Na kijana wa bodaboda aliyeuleta asiondoke kabla hujafunga regulata, ukapaka povu, ukatazama mkihesabu pamoja mpaka thelathini. Likivimba, anarudi nao.