TAHADHARI wenye magari Kampala: "dawa ya injini" ya chupani na fundi wa pembeni

Jamani madreva na wote wenye magari hapa Kampala, kuna mchezo unachezwa kwenye baadhi ya wosh bei (sehemu za kuoshea magari) na watu wanaliwa pesa, tafadhali someni mpaka mwisho na mumwambie na mwenzenu wa steji.

Umeleta gari ioshwe bodi tu. Kijana anakuja kwa heshima zote, ssebo (bwana) injini imejaa oili, tuna dawa kali, 15,000 tu inabaki kama mpya. Hiyo dawa iko kwenye chupa ya maji ya kunywa, haina lebo. Inusheni kabla hajamwaga! Ile aliyomwagiwa shemeji yangu kwenye gari yake Toyota Wish ilikuwa petroli na mafuta ya taa yaliyotiwa rangi, harufu haifichiki. Na petroli inatoa mvuke hata kwenye baridi kali, sasa wewe umetoka kwenye jam ya Jinja Road, egzosi (bomba la moshi) bado ina moto, betri bado imeunganishwa, cheche moja tu inatosha. Ikishika watakimbilia ndoo ya maji, na petroli inaelea juu ya maji, kwa hiyo unausambaza moto. Wengine wanatumia dizeli wakisema haina shida, kweli haishiki haraka hivyo lakini inaharibu mipira, hosi na mikanda inavimba na kulegea pole pole.

Baada ya dawa wanaleta presha ya maji mpaka juu ya plagi zinazotoa cheche kwenye injini. Gari ikiwashwa inatetemeka, inamisi, yaani haiwaki sawasawa. Hapo hapo anatokea fundi, eti alikuwa anapita tu, anachomoa koili (kile kinachopeleka umeme kwenye plagi) anakwambia hii imekufa, ninayo nyingine 90,000. Koili haijafa, imelowa! Maji yameingia kwenye shimo la plagi, ukipuliza kwa kompresa ukaacha ikauke injini inarudi sawa. Yeye anaondoka na koili yako nzima anakuachia ya zamani. Shemeji alijua kwa sababu koili zake zote nne alizinunua mpya pamoja, makanika wake alipofungua akakuta moja si ya aina ile.

Mimi sisemi injini isioshwe, injini safi inakuonyesha oili inavuja wapi. Ila iache ipoe kabisa kwanza, maji baridi kwenye chuma cha moto yanaweza kuipasua. Toa waya wa negativu wa betri, funika altaneta, boksi la fyuzi, kompyuta, koili na mdomo wa eya klina (pale injini inapovutia hewa) kwa mifuko ya plastiki, tumia sabuni ya injini yenye lebo au hata maji ya sabuni ya kawaida na brashi, suuza na maji ya taratibu, halafu kausha vizuri kabla ya kuwasha. Mtu mwenye haraka na kazi hii mkatae.

Halafu muulize maji yake machafu yanaenda wapi. Wosh bei nzuri ina shimo la kutega oili. Hawa wanamwaga kwenye mtaro, na mitaro mingi ya katikati ya mji inaingia mfereji wa Nakivubo, unaenda mpaka ghuba ya Murchison ya Ziwa Victoria, na maji mengi ya bomba tunayokunywa yanavutwa Ggaba, ghuba hiyo hiyo. Inaniuma sana hii, watoto wetu ndio wanakunywa.

Kwa hiyo kabla boneti haijaguswa piga picha koili na betri yako, simama hapo hapo usiende kunywa chai, na fundi yeyote "anayepita" asishike kitu. Gari ikimisi usinunue spea pale, isukumeni pembeni ikauke au ita makanika wako. Shemeji alirudi kudai koili yake, wakamwambia yule fundi hawamjui, na shemeji ameshaandikisha kesi polisi.