Hodi ya Chiku: siku 63 na kozi ya kumtuliza kasuku

Kozi hii niliilipia shilingi 6,500 kwa M-Pesa wiki moja baada ya Idi, siku ile ile jirani wetu wa chini aliponisimamisha ngazini. Ni fundi cherehani, mtu mpole, sijapata kumsikia akimpandishia mtu sauti. Akaniuliza, "Mwanangu, huyo ndege wenu ananidai?" Nikacheka. Yeye hakucheka.

Kwa hiyo haya ni maoni ya mtu aliyetoa pesa mfukoni mwake, akaifuata kozi siku 63, na ambaye kasuku wake mpaka leo si bubu. Ukitaka kasuku bubu, nunua wa kuchonga.

Mwenye kelele ni Chiku, kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, miaka 17. Dume au jike hatujui, kwa macho hawatofautiki. Alikuwa wa mjomba. Mjomba alipohamia Muscat alitaka kwenda naye, lakini kasuku wa kijivu yuko kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu Januari 2017, na makaratasi ya kumvusha mpaka yalikuwa mlima. Chiku akabaki kwetu, nasi tukashughulikia kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. (Usisome hapa ukaenda kununua kasuku wa kichochoroni. Kumfuga bila kibali ni kesi, na biashara hiyo ya siri ndiyo inayowamaliza misituni Kongo.)

Tunaishi Kibokoni, Mji wa Kale, Mombasa, ghorofa ya kwanza, watu tisa. Vichochoro vyetu mnavijua: ukipiga chafya upande huu unaombewa rehema upande wa pili. Mchana Chiku hana neno. Anaiga filimbi ya presha kuka, anaiga lori la maji likirudi nyuma, anaiga nyanya akikohoa kisha anajiambia mwenyewe "pole." Balaa lake ni saa kumi na mbili, asubuhi na jioni. Hapo hupiga ukelele mkavu, kama bati linaloburutwa juu ya saruji, mara thelathini, mara arubaini bila kupumzika, na katikati anachomeka "Hodi!" kwa sauti ya mjomba. Programu ya simu ya kupima sauti ilisoma desibeli 94 nikiwa nimesimama hatua mbili kutoka kwenye tundu.

Hiyo hodi iwekeni akilini, nitairudia.

Kabla ya kozi nilitupa shilingi 2,800 kwa kisanduku cha plastiki chenye taa ya kijani. Muuzaji aliniambia kinatoa sauti isiyosikika na binadamu, ndege akipiga kelele kinamkera mpaka anyamaze. Nilikiwasha siku kumi. Chiku alikitazama, akajifunza mlio wake wa kuwaka, akauongeza kwenye orodha yake. Baadaye nikaelewa kwamba sauti za juu namna hiyo ndege hawazisikii kabisa. Masikio yao yanaishia chini hata ya yetu. Anayezisikia vizuri ni paka. Na kweli, paka wawili waliokuwa wakilala barazani kwetu walihama wiki hiyo, na panya wakapata habari. Msinunue.

Sasa kozi yenyewe. Ni masomo 14 ya video, kila moja dakika kumi hivi, pamoja na simu tatu na mwalimu kupitia WhatsApp. Nilitarajia anianzishe na mafunzo siku hiyo hiyo. Akakataa. Akasema ndege anayepiga kelele kuliko kawaida aonwe kwanza na daktari wa wanyama, maana mwingine anaumwa. Nilinung'unika kwa gharama, lakini nampa haki yake: daktari alimpima uzito, akamfungua mdomo, akaniuliza anakula nini. Nikajibu kwa fahari, alizeti tele. Akatikisa kichwa. Alizeti ni mafuta matupu, na kasuku wa kijivu hasa ni wepesi wa kupungukiwa kalisi na vitamini A. Tangu hapo ni karoti, sukuma wiki, kiazi kitamu cha kuchemsha, papai, na alizeti zikawa zawadi tu. Parachichi marufuku, ni sumu kwao. Akatuonya pia juu ya zile sufuria zisizogandisha chakula: zikiungua, moshi wake huua ndege kwa dakika chache. Tundu lilikuwa mlangoni mwa jiko. Nyanya alilisikia hilo akaenda kulisogeza mwenyewe, na ana miaka 78.

Somo la tatu ndilo lililoniamsha. Linahusu usingizi. Ndege huyu asili yake ni misitu ya ikweta, ambako usiku una karibu saa kumi na mbili mwaka mzima. Sisi tulimweka sebuleni, taa na televisheni mpaka saa tano, kisha alfajiri watu wanaamka. Usingizi wake ulikuwa wa saa sita tu, pengine tano. Mtoto wa binadamu ukimfanyia hivyo atalia mpaka ukuta uanguke. Tukampa chumba cha nyuma, na ikifika saa moja jioni tunamfunika kwa leso, yaani kanga. Nyanya ndiye aliyeichagua leso hiyo, na jina lake linasema *Kimya kingi kina mshindo mkuu*. Sijui kama alikusudia.

Usingizi peke yake ulipunguza kelele za asubuhi karibu nusu ndani ya wiki mbili. Nilikuwa nikihesabu kwa kuchora vijiti kwenye kalenda ya jikoni. Kama huna pesa ya kozi, anza na hapo, ni bure.

Jioni ndiyo iliyokuwa kazi. Mwalimu alinieleza kwamba ule ukelele si utundu. Porini kasuku hawa huishi makundi, na kukipambazuka au kukichwa, wanapotoka na kurudi mitini wanakolala, huitana: uko wapi, mimi niko hapa. Chiku kundi lake ni sisi. Anaita, na kila ukimjibu, hata kwa kumkemea "Nyamaza!", kwake ni jibu. Umempa alichotaka. Basi amri ya somo la tano: akipiga ukelele, asijibiwe na mtu. Hakuna kumtazama, hakuna kumfokea, hakuna kuingia chumbani. Akinyamaza hata kwa sekunde tano, bonyeza kalamu itoe ule mlio wa "tak", kisha mpe punje moja ya alizeti. Mwalimu alitahadharisha kwamba kelele zitazidi kabla ya kupungua. Siku ya nne mpaka ya saba zilizidi kweli, nikashuka kumpelekea fundi cherehani sahani ya mahamri na kumwomba subira. Alipokea mahamri. Kuhusu subira hakusema kitu.

Hapo ndipo tulipokwama na hodi.

Maana ukelele unaweza kuupuuza. Hodi huwezi. Mtu aliyelelewa Uswahilini akisikia hodi mdomo unajibu "karibu" kabla akili haijafika. Chiku analijua hilo kuliko sisi. Alipoona ukelele haulipi, akaacha ukelele akashika hodi tupu: hodi, hodi, hodi, kwa sauti ya mjomba, na kutoka jikoni nyanya anajibu "Karibu mwanangu!" Kazi ya siku nzima imekwenda. Nikamsihi, "Nyanya, usimjibu." Akaniambia, "Na akiwa mtu?" Sikuwa na la kusema.

Tulipiga kura. Kuanzia magharibi mpaka isha hodi haijibiwi na yeyote. Siku ya pili tumekaa sebuleni watu saba, hodi zinakuja, tumekaza macho kwenye sahani kama watu waliokula yamini. Hodi. Kimya. Hodi jamani. Kimya. Binamu yangu akaninong'oneza, "Leo ameongeza 'jamani'." Tukamsifu. Kisha simu yangu ikalia, shangazi wa Malindi.

"Mko wapi nyinyi?"

"Tupo nyumbani, shangazi."

"Nyumbani kupi? Mimi niko mlangoni kwenu robo saa nzima, na maembe yangu yananikata mkono."

Shangazi aliingia bila kutusalimia, akaenda moja kwa moja kwa nyanya. Yaliyosemwa siwezi kuyaandika hapa. Maembe aliyagawa kwa majirani.

Nikampigia mwalimu, simu ya pili kati ya zile tatu. Na hapa ndipo ninapoipunguzia kozi nyota moja, kwa sababu video zote zimetengenezwa kwa mtu anayeishi peke yake na mlango wenye kengele. Hakuna somo linalosema nyumba ya watu tisa ifanye nini, wala mzee asiyekubali kuacha mgeni nje. Lakini kwenye simu mwalimu alisaidia vizuri kuliko video. Akasema msimnyime jibu, mpeni neno jingine la kuitia, dogo, na hilo mlijibu kila mara bila kukosa. Tukachagua mluzi, au mbinja kama tunavyosema huku, wa sauti mbili: chini, juu. Mimi nikipita mlangoni napiga mbinja. Akirudia, namjibu na punje anapata. Kila mtu nyumbani alifundishwa mbinja ile ile. Nyanya hana meno ya mbele, mbinja haimtoki, kwa hiyo yeye anaguna "mm-mm" kwa sauti hizo hizo mbili, na Chiku ameikubali kama lahaja.

Ilichukua siku kumi na mbili. Sasa kukichwa anapiga mbinja, mtu anamjibu kutoka jikoni, mwingine ngazini, anatulia. Ule ukelele wa bati upo bado, mara nne au tano badala ya arubaini, na ikinyesha anasahau mafunzo yote.

Jambo jingine la kozi ninalolisifu ni somo la kumtafutia kazi. Porini saa nyingi za mchana huishia kwenye kutafuta chakula. Ndani ya tundu anamaliza bakuli kwa dakika kumi, kisha hana la kufanya ila kupiga mdomo. Video inakuonyesha vichezeo vya kuagiza nje, bei yake usiniulize. Mimi nilichukua kifuu cha nazi, nikakitoboa tundu mbili, nikakijaza vipande vya karoti na ukili uliobaki kwenye mkeka wa nyanya, nikakining'iniza kwa kamba ya katani. Siku ya kwanza alikiogopa, akajibanza pembeni manyoya yamembana mwilini. Siku ya tatu alikishika kwa mguu mmoja, akaanza kuvuta ukili uzi mmoja mmoja, taratibu, jicho moja ndani ya tundu la kifuu kama mtu anayechungulia kisima. Saa nzima hakutoa sauti. Nilisimama mlangoni nikahisi nyumba imehamwa.

Somo la tisa lirukeni. Linashauri kumnyunyizia maji usoni kila akipiga kelele. Nilimuuliza mwalimu, akasema ni la zamani na yeye mwenyewe halifuati tena; basi kwa nini liko kwenye kozi ninayoilipia? Ndege wangu huoga kwa kunyunyiziwa na anapenda, anafungua mbawa. Nikianza kumpiga nayo kama fimbo, nimeharibu kuoga na nimeharibu imani. Kasuku akiingiwa na hofu huweza kung'oa manyoya yake mwenyewe, na hilo kulitibu ni safari ndefu kuliko kelele.

Kwa hesabu yangu basi: kozi nyota nne, kisanduku sifuri. Inunue kama una subira ya miezi miwili na watu wa nyumbani kwako wanakubaliana. Kama umempata ndege juzi na unataka afunge mdomo kufikia Ijumaa, usiwasumbue. Kasuku hawa huweza kufika miaka arubaini na zaidi, na Chiku bado ni kijana.

Fundi cherehani naye amepoa. Juzi nilimkuta dirishani kwake, mguu kwenye pedeli, anapiga mbinja. Chini, juu. Na kutoka kwetu akajibiwa.

Kuhusu hodi, tulijaribu kengele ya mlangoni, Chiku akaimudu kwa siku nne. Tukaing'oa. Hatimaye nyanya akatoa sheria yake: mgeni akibisha aseme na jina, "Hodi, ni mimi fulani," bila jina mlango haufunguliwi. Tukawaambia jamaa wote. Shangazi ndiye aliyekuwa wa mwisho kukubali, akiona ni dharau mtu kujitaja kwa ndugu zake, na hata sasa jina halitaji, anaishia njiani. Jumapili iliyopita, saa kumi na mbili jioni, yeye mwenyewe yuko sebuleni kwetu na kikombe cha kahawa mkononi, ikasikika sauti yake kutoka chumba cha nyuma:

"Hodi! Ni mimi!"

Shangazi akaitikia, "Karibu!"